Mwalimu Adelaïde na Magoti ya Gentille

Ukitaka kumkasirisha Mwalimu Adelaïde wa Muheto, mwambie kuruka ni kuruka tu, hata mbuzi anaruka. Atakuacha umalize, kisha atasimama mbele yako, hata kama mko kwenye foleni ya maji au mlangoni mwa kanisa, akuonyeshe. Kwanza unaruka na kutua kwa mguu uleule uliorukia. Kutoka hapo unapiga hatua moja kubwa hewani na kutua kwa mguu wa pili. Ndipo unaruka mara ya mwisho na kuangukia mchangani. Ni miruko mitatu iliyofungwa pamoja, na ukiharibu mmoja umeiharibu yote. Haya yote atakuonyesha kwa mikono, viganja vikipiga hewa, pa, pa, pa, kwa sababu magoti yake mwenyewe hayamruhusu tena.

Magoti hayo ndiyo habari yake. Alipokuwa mwanafunzi aliruka kuliko wasichana wote wa pande zile, na ukimpa nafasi atakuambia aliwashinda wavulana wengi pia. Halafu goti la kushoto likaanza kuvimba. Nyumbani walilikanda kwa maji ya moto na majani, shuleni wakamwambia ajikaze. Yeye alikuwa hodari wa kujikaza, basi akajikaza hadi siku goti lilipogeukia upande usiokuwa wake, akabaki ameketi chini akishangaa. Hakuna aliyekuwa amemtazama anatuaje. Wote walikuwa wakitazama amefika wapi. Leo ni mwalimu wa michezo na mama wa watoto wawili, na mlima huushuka kwa ubavu, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiletwa nyuma yake, huku ameshika majani. Watoto wa shule humwiga. Anawajua wote wanaomwiga, kwa majina, na huwapa mizunguko ya ziada ya kukimbia.

Shule yake haina uwanja. Muheto, kule Masisi mashariki mwa Kongo, ni mlima unaopanda na mwingine unaoshuka, na mtu akitaka mahali sawa pa kuweka meza itabidi achimbe kwanza. Mfugaji mmoja mwema aliwaachia kipande cha malisho juu ya barabara, na hapo Mwalimu Adelaïde akatengeneza njia ya kukimbilia. Aliielekeza chini. Ungemuuliza sababu angekushangaa wewe, maana nani anakimbia kupanda ili aruke? Mwisho wa njia walichimba shimo, na kwa kuwa mchanga uko mbali wakalijaza maganda makavu ya maharagwe, yale yanayobaki uani baada ya watu kupiga mavuno kwa fimbo. Maganda yanampokea mtu vizuri. Mvua iliponyesha yalioza, wasichana wakawa wanarudi nyumbani wakinuka kama zizi, na mbuzi walilipenda shimo lile kuliko wanamichezo wenyewe. Lakini Jumapili baada ya ibada watu walisimama pembeni kutazama, kwa sababu kwenye mteremko ule wasichana walipaa kweli kweli.

Aliyepaa kuwapita wote alikuwa Gentille, binti wa Papa Sylvain, mkulima wa maharagwe na mihogo. Ana miaka kumi na mitano, miguu mirefu, na anapenda kusifiwa wala hafichi. Jumapili moja alikuja mbio kwenye mteremko kifua mbele, mama waliokuwa katikati ya umbeya wakaukata umbeya, na mruko wake wa kwanza ukampeleka juu na mbali mpaka watu wakashika vichwa. Mruko wa pili ulikuwa mfupi, kama wa mtu aliyejikwaa. Wa tatu ulikuwa wa kujiokoa tu. Hata hivyo akaangukia kwenye maganda mbali kuliko mtu yeyote, vigelegele vikapigwa, utepe wa kupimia ukavutwa, na Mwalimu Adelaïde akatembea wiki nzima akitabasamu peke yake njiani.

Kitu kimoja alichowafundisha kwa sauti kila siku ni kupeleka mguu mbele. Mbele, mbele zaidi, kata hewa, ufikie mbali. Aliamini hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alifundishwa hivyo.

Msimu wa mvua ulipoanza, goti la Gentille likavimba. Alilificha kwa kuvaa suruali chini ya kitenge, akasema ni baridi. Mlima ndio uliomsema. Papa Sylvain alikuwa akipanda kutoka shambani alipomwona binti yake akishuka na mzigo wa kuni, mwili ameugeuza upande, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiletwa nyuma yake. Alifika shuleni siku ileile, jembe likiwa bado begani. Alimsalimia Mwalimu Adelaïde vizuri, akauliza habari za watoto, akakataa kiti.

“Mwalimu, mi nakuheshimu sana,” akasema. “Lakini naona mutoto wangu anashukaka mulima sawa vile we unashukaka. Ile njo sitaki.”

Mtu mwingine angekasirika. Mwalimu Adelaïde hakuwa na pa kukasirikia, kwa sababu neno lile lilikuwa kweli na lilimwingia mpaka ndani. Akamwomba Papa Sylvain asimkataze Gentille kabisa. Mwisho wa muhula kulikuwa na mashindano ya shule huko Kirotshe, wasichana wa Masisi na wa Walikale wangekutana. Amwachie mpaka siku hiyo, na yeye atalitengeneza goti. Atalitengenezaje, hakujua. Papa Sylvain akalihamishia jembe bega la pili.

“Siku ile nitakuya miye mwenyewe,” akasema. “Akiruka, akitoka pale anachechemea, tunamaliza. Ata mwaka ingine usiniulize.”

Basi mambo yakakaa hivyo. Baba hakudai ushindi wala kikombe. Alidai mtoto atoke mchangani akitembea kama alivyoingia, la sivyo kuruka kwake kungeishia Kirotshe.

Jambo la kwanza alilofanya Mwalimu Adelaïde ni kupanda na Gentille juu ya lori la kabichi mpaka Kirotshe, pale ziwani, kwenye hospitali ambako Yves hufanya kazi ya kunyoosha na kuimarisha viungo vya watu. Yves ni kijana mpole mwenye vidole vigumu. Alilibonyeza goti huku na huko, akasema halijaharibika, limechoka na linalalamika. Kisha akamsimamisha Gentille juu ya kisanduku, akamwambia ashuke polepole kwa mguu mmoja. Mwalimu Adelaïde aliinua telefone akachukua picha ya video, wakaitazama wote watatu ikienda taratibu. Goti la Gentille lilikunjika, na lilipokunjika likaingia ndani, likaenda kulisalimia goti la pili.

Yves akaeleza bila haraka. Msichana anapokua, nyonga zinapanuka na mfupa wa paja unashuka kwa mshazari kuelekea gotini. Mifupa inarefuka upesi, misuli inakuja nyuma yake. Wavulana huongezewa nguvu na umri wenyewe, msichana lazima aitafute kwa mazoezi. Na misuli inayolizuia goti lisiingie ndani haiko gotini, iko juu, kando ya nyonga na matakoni. Katika miruko mitatu, kila kutua mguu mmoja unapokea uzito wa mtu mara nyingi kuliko akisimama. Nyonga ikiwa dhaifu, goti ndilo linaloteswa. Mwalimu Adelaïde alisikiliza akiwa ameshika goti lake mwenyewe bila kujua. Alihisi uchungu na furaha kwa pamoja. Uchungu, kwa sababu hakuna aliyemwambia maneno haya alipokuwa na miaka kumi na mitano. Furaha, kwa sababu Gentille alikuwa amekaa pale pale, akiyasikia.

Wakarudi na mazoezi yao, na uani kwa Papa Sylvain kukawa na vituko. Gentille alichambua maharagwe akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Alifungwa mapajani kwa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki, akatembea kwa ubavu kutoka jikoni mpaka kwenye zizi na kurudi, kuku wakimkimbia. Wasichana wengine wa timu wakaanza nao, kila mmoja kwao, hata jirani mmoja akaja kuuliza kwa upole kama shuleni kuna ugonjwa. Papa Sylvain alipita pembeni na jembe lake kama haoni. Lakini alionekana siku moja, akidhani yuko peke yake, akijaribu kusimama kwa mguu mmoja na kushindwa.

Uvimbe ukashuka. Gentille akapata nguvu, akarudi malishoni, akaruka, na goti likamuuma tena. Kidogo, lakini lilimuuma. Mwalimu Adelaïde akatazama picha za telefone mpaka moto wa telefone ukaisha, akaipeleka kuchaji kwenye duka la sola, akatazama tena palepale dukani. Sasa goti halikuingia ndani sana. Tatizo lilikuwa kwingine. Kila Gentille alipotua, mguu ulikuwa mbele yake kabisa, umenyooka, kisigino kikipiga chini kwanza. Mwili ulikuwa bado nyuma. Uzito wote ulikuja kugonga mguu ule kama mlango unavyogonga jiwe la kuuzuia. Msichana anayetaka kwenda mbali alikuwa anafunga breki.

Amejifunza wapi kufunga breki? Swali hilo Mwalimu Adelaïde alitembea nalo hadi siku ya soko. Alikuwa amesimama kando ya mteremko akisubiri kununua mihogo, mvua imetoka kunyesha, na wanawake wanashuka mmoja mmoja na mizigo mgongoni, kamba ya mzigo imepita kwenye paji la uso. Wote walishuka namna moja. Mguu mbele, umenyooka, kisigino kwanza, kinachimba tope ili mzigo usimsukume mtu akaanguka. Wasichana wadogo waliobeba vidumu nyuma ya mama zao nao waliweka kisigino kwanza. Yeye mwenyewe alifundishwa hivyo na mama yake kabla hajajua kusoma. Muheto mtoto asiyejua kushuka kwa kisigino hutumwa kisimani mara moja tu, na kidumu hurudi kimepasuka.

Akakaa chini kwenye majani mabichi, kitenge chake kikalowa, hakujali. Kwa miaka alikuwa amewachukua wasichana waliozaliwa wakifunga breki, akawaweka kwenye mteremko uleule unaowafunza kufunga breki, kisha akasimama pembeni kuwapigia kelele wapeleke mguu mbele zaidi. Na utepe ulimdanganya kila siku, kwa kuwa mlima ulikuwa ukiwaongezea mita. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Wakati huo huo Gentille akatokea upande wa chini, akipanda na kiroba cha mihogo mgongoni. Mwalimu Adelaïde akamtazama miguu, kwa kuwa siku hizi hakuwa anamtazama mtu kitu kingine. Mguu ulishuka chini ya mwili, si mbele yake. Unyayo wote ulikamata ardhi, goti likakaa juu ya vidole, nyonga ikasukuma, ardhi ikabaki nyuma. Hatua nyingine, vilevile. Hakuna breki. Hakuna mtu anayefunga breki akipanda.

Mwalimu Adelaïde alianza kucheka peke yake, kicheko cha sauti. Akamwambia Gentille asimame, ashuke chini, apande tena. Na kiroba. Gentille akapanda tena, jasho likimtoka, akaambiwa arudie. Alidhani anaadhibiwa, akaanza kuomba msamaha kwa kosa asilolijua. Wauza mihogo walitazamana. Mwalimu mwenyewe aliinuka, akamshika msichana mabega, akamwambia kwamba yote aliyomfundisha atamfundisha upya.

Kesho yake wakachimba shimo jipya, safari hii juu ya malisho. Njia ya kukimbilia ikageuzwa. Walianza chini na kuruka wakipanda.

Kijiji hakikumwelewa. Ile mita iliyokuwa fahari ya Jumapili ikafa. Gentille, aliyekuwa akiruka toka hapa mpaka kule, sasa aliangukia karibu na pale alipoondokea. Mruko wa kwanza aliambiwa aupunguze, uwe wa chini, ili abaki na nguvu ya wa pili. Mguu akaambiwa aushushe chini ya nyonga na avute nao ardhi nyuma, kama jembe linavyovuta udongo. Watazamaji wakapungua. Mzee mmoja aliuliza kama mwaka ujao watoto watafundishwa kuogelea juu ya miti. Mfugaji aliyewapa malisho alikuja kuhakikisha kwamba hawahitaji kipande kingine zaidi. Na mbuzi wakabaki na shimo la zamani.

Gentille ndiye aliyeumia zaidi, na safari hii si goti. Vigelegele vilikuwa chakula chake, navyo vimekwisha. Siku moja alikaa kando ya shimo, maganda nyweleni, akalia wazi.

“Madame, mbele nilikuwa naruka,” akasema. “Sasa niko napanda tu.”

Mwalimu Adelaïde alimkalia karibu. Hakumwambia ajikaze, neno hilo aliapa hatalitoa mdomoni mwake. Alimwambia asipime tena kwa macho ya watu, apime kwa masikio yake. Zamani aliposhuka mteremko alisikika hivi, na mwalimu akapiga viganja: paaa, pa-pa. Mruko mmoja mkubwa na miwili ya kujikwaa. Wanataka itoke sawa, pa, pa, pa, mapigo matatu ya mtwangio mmoja kwenye kinu. Siku itakapotoka sawa, mita itakuja yenyewe. Gentille alifuta machozi akauliza kama ni kweli. Mwalimu akasema ni kweli, na moyoni akaomba Mungu iwe kweli.

Wiki zikapita, mvua ikapungua. Mruko wa pili ukaanza kuamka. Mwalimu Adelaïde alizoea kusimama akiwapa mgongo, asikilize tu, na wasichana walicheka kuona mwalimu anatazama bonde wakati wao wanaruka. Jioni moja akasikia. Pa, pa, pa. Aligeuka mbio, akajisahau, goti lake likamkumbusha, akashika nguzo ya uzio huku akipiga makofi kwa mkono mmoja kwenye paja. Gentille alikuwa amesimama ndani ya maganda, mdomo wazi. Hakuna aliyevuta utepe. Goti halikuuma siku ile, wala kesho yake.

Asubuhi ya mashindano lori lile la kabichi liliwashusha Kirotshe, na Mwalimu Adelaïde alipoona uwanja akaingiwa na hofu ya ghafla. Ulikuwa sawa! Sawa kabisa, kama meza, na nyuma yake ziwa limetulia. Wasichana wake hawakuwahi kuruka mahali sawa katika maisha yao. Mchanga ulikuwa mchanga wa kweli, wa ziwani, umelainishwa kwa reki. Shule nyingi zilikuwa zimefika, zenye ngoma na filimbi, na kutoka Walikale walikuja wasichana wa Mpofi kwa pikipiki, tope mpaka shingoni, wakiimba. Kati yao alikuwa Laetitia, mfupi, mwenye mapaja ya nguvu, aliyekulia akiruka magogo kwenye njia za msituni. Alipofanya mruko wa kujaribu, watu wote waligeuka.

Papa Sylvain alikuwa amesimama kwenye kamba karibu na shimo, kofia mkononi, buti zake za shambani zimeoshwa. Alimsalimia Mwalimu Adelaïde kwa kichwa tu.

Kila msichana alikuwa na majaribio matatu. Laetitia akaanza, akaruka, na utepe ulipovutwa watu wa Walikale wakaimba upya. Ikaja zamu ya Gentille. Akatazama watu, akasikia ngoma, akaona njia iliyonyooka bila kilima chochote mbele yake, na yote aliyojifunza yakamtoka kichwani. Alikimbia kama zamani. Akapaa juu sana, uwanja ukapiga kelele, na akiwa juu akarusha mguu mbele kuutafuta umbali. Kisigino kikagonga. Goti likaingia ndani. Aliangukia mchangani vibaya, akainuka, na kabla hajakumbuka kutabasamu uso wake ulikunjamana. Papa Sylvain aliuona. Alivaa kofia yake, akakunja mikono.

Jaribio la pili Gentille aliogopa. Hatua zikamchanganya, akakanyaga nje ya ubao wa kurukia, na bendera nyekundu ikainuliwa, jaribio limepotea. Laetitia kwa upande wake akaongeza kidogo juu ya mruko wake wa kwanza. Likabaki moja, na anayeongoza angeruka wa mwisho.

Gentille alikuja kwa Mwalimu Adelaïde akipumua haraka, macho makubwa. Nyuma ya kamba watu wa Muheto, wale wale waliouliza habari za kuogelea juu ya miti, walikuwa wakimpigia kelele apae, apae kama zamani.

“Madame,” akasema, “niruke ile ya kushuka ao ile ya kupanda?”

Usidhani mwalimu alijibu palepale. Alitaka kushinda. Alikuwa ametaka kushinda tangu akiwa na miaka kumi na mitano, na hamu hiyo haikuzeeka pamoja na goti. Ile ya kushuka, kwa bahati, ingeweza kumpeleka mtoto mbali hata uwanja sawa, mara moja, leo. Ya kupanda hakuna aliyejua ingezaa nini hapa. Haijawahi kupimwa ila kwa mlima. Kama ikizaa mita chache, Muheto wote watacheka hadi mavuno. Aliyatazama magoti ya Gentille, mawili, ya mtoto, yenye mchanga.

“Ya kupanda,” akasema. “Ata ukikuwa wa mwisho.”

Gentille alirudi mwanzo wa njia. Akasimama, akafumba macho kidogo, midomo ikicheza. Kisha akakimbia, na safari hii hakukimbilia watu. Alikimbia mwili umesimama, mguu ukishuka chini yake, ardhi ikibaki nyuma. Akakanyaga ubao. Mruko wa kwanza ulikuwa wa chini, na watu wa Muheto wakaguna kwa masikitiko. Pa. Akatua unyayo wote, goti likakaa juu ya vidole, halikwenda popote. Ndipo ukaja wa pili, na miguno ikakatika, kwa sababu wa pili haukuisha. Alielea nao, paja limeinuka, kwa utulivu ambao Mwalimu Adelaïde hakuwahi kuuona kwake. Pa. Bado alikuwa na kasi! Kasi yote ilikuwa bado pale, haikuzimwa na breki, na kwa kasi hiyo akaondoka tena, mikono juu, miguu ikikunjwa kifuani, akaupita mstari wa Laetitia akiwa bado hewani. Pa. Mchanga ukaruka.

Uwanja ukapasuka. Watu wa Muheto walivamia kamba, ngoma zikapigwa bila mpango, mtu akarusha mwavuli. Laetitia wa Mpofi alikuwa wa kwanza kupiga makofi, mikono juu ya kichwa. Mwalimu Adelaïde alikuwa akipiga kelele na hakujua anasema nini.

Mwamuzi alikuwa bado anainama na utepe wake wakati Papa Sylvain alipopita chini ya kamba. Aliingia mchangani na buti zake, akapiga magoti mbele ya binti yake, akalishika goti lake kwa mikono yote miwili. Akalibonyeza pembeni, chini ya pia ya goti, nyuma, taratibu, huku akimtazama Gentille usoni ili aone atakunja uso wapi. Mwamuzi akamwambia aondoke. Hakumsikia.

“Inakuuma wapi?”

“Haiume, Papa.”

“Simama na muguu moja.”

Akasimama kwa mguu mmoja katikati ya mchanga, uwanja mzima ukitazama, akicheka na kulia. Goti likatulia. Papa Sylvain akamgeuza upande, akamwambia asimame na ule mwingine. Nalo likatulia. Wakati huo mwamuzi akakitangaza kipimo, na kilikuwa kikubwa kuliko chochote ambacho mteremko wa Muheto uliwahi kumpa, kikubwa kuliko cha Laetitia. Wasichana wa timu wakamwangukia Gentille wote kwa pamoja wakamzika mchangani.

Laetitia alikuwa na jaribio lake la mwisho bado. Aliruka vizuri, akakaribia, hakufika. Baada ya hapo wote wawili wakaitwa mbele, maana wote wawili walikuwa wamechaguliwa kuendelea na mashindano ya jimbo.

Papa Sylvain hakwenda kutazama. Alikuja kwa Mwalimu Adelaïde, mchanga ukidondoka kwenye suruali yake, akavua kofia.

“Nyumbani iko mudogo yake, Shekinah,” akasema. “Anakuombaka kila siku, analilaka, juu mi njo nilimukataza kufika kwako. Jumatatu nitamuleta. Utamupokea?”

Mwalimu Adelaïde alikuwa ametayarisha mengi ya kumjibu mtu huyu siku ya leo, kama mambo yangekwenda vibaya na hata kama yangekwenda vizuri. Badala yake alilia mbele ya shule zote za Masisi na Walikale, akaitikia kwa kichwa, akaushika mkono wa Papa Sylvain kuutikisa, akautikisa tena, akasahau kuuachia.